Mwenye Mtambo Ndiye Mwenye Sauti

Mtu akisema kwamba visiwa vya Lamu vinastahili redio ya kuvisemea, ni wachache watakaompinga. Swali ambalo aghalabu halipewi uzito wake ni hili: redio hiyo itakuwa ya nani? Historia ya utangazaji katika mwambao wetu yatufunza kwamba kituo kikipata mwenyewe mpya, hakibadiliki kibao cha mlangoni pekee. Hubadilika lugha, hubadilika vipindi, na hata wale wanaohesabiwa kuwa wasikilizaji.

Tutazame Sauti ya Mvita. Kituo hicho cha Mombasa kilikuwa cha serikali ya kikoloni, nayo ilikihitaji ili kushindana na Redio Cairo, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954 na kuushambulia ukoloni bila kificho. Hata hivyo, watu wa pwani walisikia humo mambo waliyoyatambua kuwa yao: taarabu, mawaidha ya dini na Kiswahili cha mwambao. Mwaka 1961 likaundwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Mwaka 1964 serikali huru ikalitaifisha na kuliita Sauti ya Kenya. Katikati ya muongo huo, Sauti ya Mvita ikanyamaza. Haja ya kuliunganisha taifa changa ilieleweka, lakini msikilizaji wa Amu, Pate au Siyu hakuulizwa lolote. Jina la Shirika lilirudi mwaka 1989, kituo hakikurudi. Pwani FM, ya Shirika hilohilo, ilikuja baadaye sana.

Tangu mwaka 1996, redio za watu binafsi zimefungua mlango mwingine. Lakini mfanyabiashara huufuata umati, kwani matangazo ya biashara ndiyo yanayomlisha. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu, ilhali Mombasa ilikuwa na zaidi ya milioni moja na laki mbili. Kwa hesabu hiyo, ni nani atakayetengeneza kipindi kwa ajili ya wavuvi wa Kiwayu?

Wala isidhaniwe kwamba Lamu ilikaa kimya ikingoja mtambo. Katikati ya miaka ya 1970, tungo za siasa zilizojulikana kwa jina la Kimwondo zilienea kwa kanda za kaseti, na wagombea wakajibizana kwa mashairi. Wasiya wa Mabanati, utungo wa Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, nao ulisikika kwa njia hiyo. Kaseti haikuhitaji leseni wala tajiri. Yeyote aliyekuwa na kinasa sauti alikuwa mtangazaji. Ndiyo maana Kiamu kilisikika humo bila kuomba radhi, na mtu akasema “mato” na “ndia” pasipo kusahihishwa.

Leo sheria inatoa njia ya tatu. Marekebisho ya mwaka 2009 yanatambua utangazaji wa jamii, usiotafuta faida, kando ya ule wa umma na wa kibiashara. Katiba ya mwaka 2010 nayo inaiagiza dola kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Lakini karatasi peke yake haitoshi. Redio ya jamii ya Homa Bay ilifunguliwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, na kabla ya muongo huo kwisha serikali ilikuwa imekwisha kuifunga. Kituo kinachotegemea hisani ya mfadhili na radhi ya mkubwa kinaishi kwa kuazima.

Kwa hiyo, walimu na wanafunzi wa Lamu wasiulize tu redio itakuja lini. Waulize nani atakaa katika baraza lake, nani atalipa umeme, na ni Kiswahili gani kitakachosemwa. Nao wasingoje: wawarekodi wazee sasa, kwa simu walizo nazo. Mtambo utakapofika, ukute tayari kuna la kusemwa na wa kulisema. La sivyo, tutajengewa nyumba, kisha tubishe hodi kwetu wenyewe.