Si Mchina Anayeua Pampu Yako

Kando ya mto Tana, kutoka Balambala hadi Masalani, mashamba ya ndizi, maembe, tikiti maji na vitunguu yanategemea pampu ndogo ya petroli ya inchi mbili au tatu, na nyingi kati ya hizo zimetoka China. Ikigoma katikati ya kiangazi, maneno yanayosemwa juu yake ni yale yale kila msimu. Mengine yana chembe ya ukweli. Mengi yanamtoa mkulima pesa bure.

Dai la 1: "Pampu ya Mchina ni ya msimu mmoja tu."

Injini nyingi za pampu hizi zimeigwa kutoka kwa injini ya Honda ya GX, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1980. Ndiyo maana kabureta, plagi na kamba ya kuvutia ya moja huingia kwenye nyingine, na vipuri vyake havimsumbui fundi. Tofauti ya bei ipo, na unaiona kwenye sili ya kichwa cha pampu, klipu za mpira na ubora wa chuma. Lakini nyingi hufa kabla hata chuma hakijapata nafasi ya kuchakaa. Injini mpya huuzwa bila oili ndani. Anayeijaza petroli na kuivuta bila kusoma karatasi iliyo kwenye katoni anaweza kuiua siku ya kwanza, kisha lawama zikaenda Beijing.

Dai la 2: "Injini inanguruma lakini maji hayapandi. Imeisha nguvu."

Kama injini inanguruma vizuri, nguvu ipo. Kilichokosekana ni maji ndani ya kichwa, au kuna hewa inayoingia mahali. Pampu haivuti maji kwa ubavu wake. Inatoa hewa kwenye mpira, kisha uzito wa hewa ya nje unayasukuma maji ya mto yapande, kama soda kwenye mrija. Uzito huo una kikomo: mita 10 kwa hesabu ya vitabuni, na takriban mita 7 shambani, hata Garissa ambako mji uko kama mita 150 tu juu ya usawa wa bahari. Kiangazi Tana inashuka, ukingo unabaki juu, na pampu inaachwa pale pale chini ya mwarobaini kwa sababu pana kivuli. Hapo hata injini yenye nguvu mara mbili haitasaidia.

Dawa ni kuishusha pampu karibu na maji na kurefusha mpira wa kutolea badala ya ule wa kunyonya, kwa kuwa kusukuma kwenda juu ndiyo kazi inayoiweza. Kabla ya kuwasha, jaza kichwa maji mpaka yafurike, ufunge kifuniko. Ikikataa bado, paka grisi nzito kwenye kila kiungo cha mpira wa kunyonya, kimoja kimoja. Kile ambacho ukikipaka tu maji yanaanza kuja ndicho kinachoingiza hewa. Badilisha klipu au raba yake. Usiiache ikanguruma kavu wakati unatafuta kosa, kwa sababu sili hupozwa na maji na bila maji inaungua kwa muda mfupi.

Dai la 3: "Chujio linapunguza maji. Litoe."

Ni kweli, chujio lililoziba linapunguza maji, kwa hiyo lisafishwe. Ukilitoa, Tana itakuingizia matawi, majani na mchanga. Maji ya mto huu ni ya rangi ya udongo karibu mwaka mzima, na mchanga wake unafanya kazi ya msasa: unakwangua feni inayosukuma maji na kula sili. Matope mepesi hayazuiliki kwa chujio lolote, lakini mchanga mzito unakaa chini, na hapo ndipo wengi wanautupa mdomo wa mpira. Funga mdomo huo kwenye mtungi mtupu wa plastiki ili uelee kiasi cha futi moja juu ya sakafu ya mto. Usiupandishe hadi karibu na uso wa maji pia, maana utafanya kizingia na kunyonya hewa, na utarudi kwenye dai la 2.

Dai la 4: "Oili haimwagwi, inaongezwa ikipungua."

Oili inabeba masizi na vumbi la chuma kilichosagika. Kuongeza mpya juu ya chafu ni kuipunguzia uchafu, si kuutoa. Miongozo ya injini hizi husema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, kisha kila baada ya saa 100. Wakulima wengi huhesabu kwa miezi, na hapo ndipo hesabu inapopotea: anayemwagilia saa 6 kwa siku hufikisha saa 100 kwa siku 17. Kwa vumbi na joto la Garissa, kumwaga kila saa 50 si ubadhirifu. Tangi la oili linachukua kama nusu lita na kidogo zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta hapa ni pistoni na silinda.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi hukutana nalo mara nyingi. Pampu nyingi zina kihisi kinachozima injini oili ikishuka. Ikiwekwa kwenye mteremko wa ukingo, oili inakimbilia upande mmoja, kihisi kinadhani imeisha, na injini inazima bila sababu inayoonekana. Chonga sehemu tambarare kwa jembe kabla ya kuita fundi.

Dai la 5: "Ni petroli ya kuchanganywa tu, hakuna kingine."

Uchanganyaji si hadithi. Mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta taa ili kuwakatisha tamaa wachanganyaji. Tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka na kuondoka, na lenye mafuta taa huacha doa la mafuta. Lakini likiondoka safi, acha kulaumu kituo cha mafuta. Fungua chujio la hewa. Sifongo lililojaa vumbi linanyima injini hewa, moshi unakuwa mweusi na plagi inajaa masizi. Lioshe kwa maji ya sabuni, likauke, lichovye kwenye oili safi na ulikamue. Kisha toa plagi, isafishe, na uhakikishe mwanya wake ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Dai la 6: "Mafuriko ni kudra, hakuna la kufanya."

Mvua ni kudra, pampu iliyofungwa ukingoni si kudra. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilifurika Garissa. Bwawa la Masinga linapojaa na kufurika huko juu, tahadhari hutolewa kwa watu wa chini kabla maji hayajafika. Pampu ya inchi mbili inabebwa na watu wawili. Ikishazama, usivute kamba hata mara moja: maji yaliyo ndani ya silinda hayabanwi, na kitakachopinda ni chuma. Toa plagi, mwaga oili na petroli, zungusha injini taratibu ili maji yatoke, weka oili mpya, iwashe kwa muda mfupi, kisha uimwage tena.

Anayesema cha bei rahisi huishia ghali ana haki katika jambo moja: sili, klipu na mpira wa kunyonya vinavyokuja na pampu hizi ni hafifu. Vibadilishe mwanzoni, na uandike saa za kazi kwenye daftari. Pampu ikikufia baada ya hapo, mlaumu Mchina.