HABARI ZA MILIMANI: Baridi Imekwisha Kuingia Kinangop

Mvua za masika zimepungua, na mahali pake pameingia manyunyu yasiyokatika. Kuanzia Njabini hata Ndunyu Njeru ukungu hushuka kutoka Milima ya Nyandarua kabla jua halijatua, na asubuhi hukawia kuondoka mpaka saa nne. Makoti mazito yametolewa masandukuni, na katika maduka ya Engineer hakuna kinachoulizwa sana kama soksi za sufu na viatu vya mpira. Ndiyo desturi ya mwezi wa Juni. Julai itakuwa kali zaidi, na nafuu hatuitazamii kabla Agosti haijapita.

SABABU YA BARIDI HII

Wageni hutuuliza jinsi gani watu wanaokaa karibu na mstari wa Ikweta, ambao wapita karibu na Nyahururu, waweza kutetemeka namna hii. Jawabu lina sehemu mbili. Kwanza ni kimo cha nchi. Mtu apandapo mlima, kila mita 1,000 hupunguza joto kwa kadiri ya digrii 6. Na uwanda wa Kinangop uko mita 2,400 na zaidi juu ya bahari, hali Nairobi iko karibu mita 1,700. Pili ni upepo. Miezi hii kusi huvuma kutoka upande wa kusini wa Bahari ya Hindi, ambako sasa ni majira ya baridi, nao huleta hewa baridi yenye unyevu. Hewa hiyo ikipanda miinuko yetu hugeuka mawingu mazito ya chini, yakakaa siku nyingi yakilizuia jua.

Wazee waliogawiwa mashamba hapa katika miaka ya 1960, wakitoka katika matuta yenye joto ya Murang'a, Kiambu na Nyeri, walijifunza jambo hili kwa gharama. Mahindi waliyozoea kuyavuna upesi huko kwao, huku yalikawia shambani miezi minane na zaidi. Ndiyo maana kiazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa vimekuwa nguzo za nchi hii.

BARIDI MBILI, SI MOJA

Neno tulitakalo kulisema wiki hii ni kwamba baridi ya mlimani ni ya namna mbili, na asiyezitofautisha hupoteza fedha yake bure.

Iko baridi ya mbingu safi. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hutoa joto lake likapanda angani, na alfajiri majani huonekana meupe kwa umande ulioganda. Hiyo ndiyo sakitu. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, nayo hutelemka bondeni kama maji; kwa hiyo shamba la bondeni huungua na la mteremkoni likapona, ingawa yote mawili ni ya mtu mmoja. Sakitu huja zaidi Januari na Februari, wakati wa kiangazi. Mwezi wa Januari mwaka 2012 iliunguza chai nyingi katika nyanda za juu za Kenya. Lakini hata katika miezi hii ya mawingu, usiku mmoja mbingu zaweza kutakata ghafula, na kazi ya miezi mitatu ikaharibika kabla ya jogoo kuwika.

Na iko baridi ya mawingu, ndiyo tuliyo nayo sasa. Hii haiunguzi jani kwa usiku mmoja, bali hulea ugonjwa wa bakajani. Jani la kiazi likikaa maji mchana kutwa katika ubaridi wa wastani, madoa ya rangi ya kahawia hutokea, na upande wa chini wa jani asubuhi huonekana utando mweupe. Katika muda wa wiki moja au mbili shamba zima laweza kuoza na kutoa harufu mbaya. Ugonjwa huo ndio ulioiangamiza Ireland kuanzia mwaka 1845, ambako watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wengi wakaihama nchi yao.

Wakulima wengi huviita vyote viwili baridi, kisha hukimbilia dukani kununua dawa. Dawa ya kunyunyiza haina faida yoyote kwa sakitu. Na kwa bakajani, dawa nyingi za kawaida ni za kukinga: hufaa ikinyunyizwa kabla ugonjwa haujaenea, wala hazilifufui jani lililokwisha kufa. Basi kabla ya kufungua mkoba, mkulima na ajiulize: jana usiku nyota zilionekana, na shamba limeungua kwa mara moja? Hiyo ni sakitu. Kumekuwa na manyunyu siku nyingi, na madoa yalianza machache yakaongezeka? Hiyo ni bakajani.

UKUNGU HAUJUI MPAKA

Upande wa Ndunyu Njeru palitokea ugomvi kati ya majirani wawili. Kijana mmoja alikuwa amelimbikiza viazi vyake vilivyooza penye mpaka, na machipukizi yaliyoota juu ya rundo lile yakajaa madoa. Jirani yake, mzee mwenye ekari moja tu ya viazi, alimwendea mara mbili bila kusikilizwa. Mara ya tatu alikwenda pamoja na wazee wengine, akamwambia kwa upole, "Kijana wangu, mimi sikuja kukudai ardhi. Ukungu huu haujui mpaka. Leo uko kwako, kesho upepo utauleta kwangu, na keshokutwa utarudi kwako katika mbegu yako mpya."

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimekusikia, mzee." Siku ile ile lilichimbwa shimo refu, na rundo lote likafukiwa, watu wa pande zote mbili wakisaidiana. Twawasifu wote wawili: mzee kwa kutopeleka neno lile kwa chifu kabla ya kulisema nyumbani, na kijana kwa kutoshika ubishi. Yafaa kila mtu aangalie leo pembe za shamba lake, kwa maana mbegu za ugonjwa huu huruka na upepo, na mzembe mmoja atosha kuwatia hasara watu wa kijiji kizima. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

BEI YA VIAZI NA UTELEZI

Barabara za ndani zimekuwa matope, na malori hukwama. Wachuuzi nao husema, "Njia ni mbaya, tupunguzieni." Mkulima mwenye viazi vya Shangi hubanwa kuliko wengine, kwa sababu aina hiyo, ingawa hukomaa upesi na kupendwa mijini, huchipua mapema, wala haikai ghalani muda mrefu. Anayepanda mara nyingine angefanya vyema kugawa shamba lake, sehemu akaipanda aina inayoweza kungoja. Ushauri wa mbegu hupatikana katika kituo cha utafiti cha Tigoni.

Tena kumbukeni kwamba kanuni za mwaka 2019 ziliweka kipimo cha gunia la viazi kisichozidi kilo 50. Anayekubali kushonewa lumbesa kwa kuwa ana haraka hutoa viazi vya bure, na kumharibia bei jirani yake anayesimama imara. Watu wachache wakiuza pamoja, kwa mizani moja, mchuuzi hawezi kuwachezea mmoja mmoja.

JIKO LA MAKAA

Sasa twaja kwa habari iliyo nzito kuliko zote. Wiki iliyopita mama mmoja na watoto wake wawili walilala na jiko la makaa ndani ya chumba, mlango na dirisha vimefungwa, nguo imezibwa chini ya mlango ili baridi isiingie. Asubuhi jirani aliyekuja kuchukua maziwa alibisha hodi bila kuitikiwa, akasukuma mlango, akawakuta wamelegea hawawezi kusimama. Waliburutwa nje penye hewa, wakapelekwa hospitali, na kwa rehema ya Mungu wako hai. Kama jirani yule angaliona uvivu kwa sababu ya manyunyu, leo tungekuwa twaandika habari ya mazishi.

Watu wengi hudhani hatari ni moshi. Kwa hiyo huwasha makaa nje, yakishakuwa mekundu bila moshi huyaingiza ndani wakijiona salama. Sivyo hata kidogo. Makaa mekundu ndiyo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aivutaye huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, akalegea. Na aliyelala huenda asiamke kabisa. Basi jiko la makaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, na kabla ya kulala litolewe nje. Blanketi mbili na watoto kulala pamoja ni bora kuliko jiko moja. Wenye wazazi wazee wanaokaa peke yao, nendeni mkawatazame asubuhi na jioni.

MENGINEYO

Ndama waliozaliwa mwezi huu wanataka maziwa ya kwanza ya mama yao mapema, katika saa chache baada ya kuzaliwa, na malazi makavu yaliyoinuliwa kutoka chini. Ndama alalaye katika tope hushikwa na homa ya mapafu.

Watoto wengine wauliza kama barafu itaanguka mwaka huu kama ilivyoanguka Busara, karibu na Nyahururu, mwezi wa Septemba 2008. Tuwakumbushe kwamba wakati ule kilima kiligeuka cheupe na watu wakatoka kuishika kwa mikono, lakini wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana, wala si theluji.

Wiki hii tuishie hapa. Baridi hii haikuja ghafula. Huja kila mwaka katika mwezi ule ule, nayo hutujia sote pamoja. Kwa hiyo kila mtu na alitazame shamba lake, jiko lake, na mlango wa jirani yake.