Pumzi na hofu ya ghafla katika Jebel

Makala kuhusu hofu ya ghafla katika Jebel imeyasifu kwa haki mazoezi ya kupumua, ila imepita haraka mno juu ya namna yanavyofanya kazi. Mtu anayeshikwa na hofu ya ghafla, yaani woga mkali unaofikia kilele katika dakika chache pasipo hatari ya wazi, mara nyingi hupumua harakaharaka hadi kaboni dioksaidi ikapungua katika damu, mishipa ya ubongo ikabana, kichwa kikazunguka na vidole vikafa ganzi, naye akadhani anakufa. Kupumua polepole kwa pua hupunguza hali hiyo. Kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, ushauri ambao bado unazagaa, ni hatari kwa mwenye pumu. Hata hivyo, katika Jebel, eneo la Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, lililoshuhudia mapigano ya majeshi ya Rais Salva Kiir na ya makamu wake wa kwanza wa wakati huo, Riek Machar, Julai 2016, moyo unaodunda risasi zinaposikika si lazima uwe ugonjwa. Aidha, utafiti wa mwaka 2007 mjini Juba, uliohusisha watu wazima 1,242, ulikuta dalili za kiwewe kwa asilimia 36 yao, na kiwewe hakitibiwi kwa pumzi peke yake.