Kamera Si Digrii

Kuna swali moja limenichosha hapa Nairobi: "Kwani unatumia kamera gani?" Anayeuliza hata hajaangalia picha. Ukitaja kamera ndogo, anakutazama kama mtu ameskia ulifeli KCSE. Ukitaja fulufremu, ghafla wewe ni bosi.

Sisemi haya nikiwa mbali. Mimi mwenyewe niliingia boksi. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilitaka kitu cha kumwonyesha mama kwamba sijapotea. Wasee wakanishika sikio: bila fulufremu wewe si mpiga picha, unacheza tu. Mama akachukua mkopo wa sacco, shilingi 180,000. Nikaenda tao, nikarudi na kamera ya mtumba na lenzi ndefu, jumla karibu kilo mbili na nusu. Siku hiyo nilijiona kama nimevaa joho.

Halafu kazi ikaanza. Mimi huandika kuhusu watu wa kawaida: makanga, mafundi wa viatu, wauza nguo wa Gikomba. Nikitoa lile zinga la kamera, mama aliyekuwa akicheka na mimi anakaza uso na kuuliza nitamlipa ngapi. Mlinzi wa jengo anakuja mbio, "Hapa hakupigwi picha!" Kwa matatu nalikumbatia kama mtoto mgonjwa, macho mlangoni. Mwishowe nikawa naliacha nyumbani. Yaani mama anakatwa mshahara kila mwezi kulipia kitu kinacholala chini ya kitanda changu.

Na hizo picha zilikuwa zinaenda wapi? Kwa simu za watu. Picha ya wima ya Instagram, pikseli 1080 kwa 1350, haifiki hata megapikseli 2. Kamera ndogo ya mtumba yenye megapikseli 16 inapita hapo mara kumi.

Najua mtanijibu nini. Kihisi kikubwa, kile cha milimita 36 kwa 24, hukusanya mwanga zaidi. Ni kweli, sibishi. Kama riziki yako ni harusi za usiku kwa kumbi zenye giza, nunua na usione haya. Lakini kama kazi hiyo inakuja mara mbili kwa mwaka, ikodi kwa siku, uirudishe, ulale bila deni.

Mohamed Amin, Mkenya aliyeonyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alipoteza mkono wa kushoto kwenye mlipuko Addis Ababa mwaka 1991. Alirudi kazini na mkono bandia. Kwa mtu kama huyo, swali la kamera inashikikaje halikuwa madoido. Lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Sisi tuliojaliwa mikono miwili tunanunua kamera kwa masikio, kwa kusikia tu fulani anatumia nini.

Kwa hivyo ukienda dukani, achana na jina lililoandikwa mbele. Ishike dakika kumi. Kidole chako cha mwisho kinaning'inia hewani? Ukivaa miwani yako, unaona pembe zote za picha? Unaweza kubadilisha mwanga bila kutafuta vitufe? Inatoshea kwa begi unalobeba kila siku? Una rafiki mwenye lenzi zinazoingiliana nayo, za kukuazima? Muuzaji akikuharakisha, toka.

Niliuza lile zinga kwa hasara. Nikachukua kamera ndogo na lenzi moja, inakaa kwa mfuko wa jaketi. Siku hizi mama wa Gikomba anaendelea na stori zake nikimpiga picha, na akimaliza anataka kuziona.

Deni la sacco limebakisha miezi saba. Sasa ni mimi hulipa, kwa pesa za kazi nilizopiga na hiyo kamera mnayoicheka.