Ukatili wa Vita Haukomi kwa Mnyama

Husemwa kwamba vita havina macho. Neno hili ni udhuru tu. Mwaka 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jemadari Smuts, likiwafuatia Wadachi katika nchi ambayo leo ni Tanzania, liliswaga farasi, nyumbu na punda maelfu kwa maelfu kupita mapori ya mbung'o. Tangu mwaka 1895 Daktari David Bruce alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba inzi huyo huleta nagana. Basi wakubwa walijua. Wanyama wakafa njiani, wakaletwa wengine, nao wakafa vile vile.

Twauliza, wasomaji: moyo uliozoea kumtumia mnyama na kumtupa, utakoma wapi? Jawabu tunalo. Wanyama walipokwisha, mizigo ilizidi kutwikwa watu. Wapagazi wa jeshi hilo waliokufa wahesabiwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na uchovu, si kwa risasi.

Wako wasemao kwamba amliliaye punda amemsahau mtu. Sivyo. Ukatili ni mmoja. Huanza kwa asiyeweza kunena, kisha humfikia mnyonge. Basi, mzazi, umwonapo mwanao akimtesa punda, usicheke. Mkanye leo, kabla hajapewa bunduki.