Damu ya tembo ipimwe kabla hajaanguka

Noor Jehan alikufa Aprili 22, 2023, katika bustani ya wanyama ya Karachi, Pakistan, akiwa na umri wa miaka 17. Kwa tembo, huo ni ujana. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imelegea, kisha siku moja akatumbukia kwenye bwawa la zizi lake. Alipotolewa humo hakuweza tena kusimama, na tembo akilala muda mrefu, uzito wake mwenyewe hubana misuli na mapafu. Yeye na wenzake watatu walikamatwa Tanzania wangali wadogo, wakafikishwa Karachi mwaka 2009.

Mwaka 2021 madaktari wa shirika la Four Paws waliwakagua wote wanne. Walikuta meno mabovu, nyayo zenye maradhi na unene wa kupita kiasi. Walikuta pia kwamba Sonu, aliyehesabiwa dume miaka yote hiyo, ni jike. Mahali ambapo hata jinsia ya mnyama haikujulikana, nani angejua hali ya mifupa yake?

Kipimo cha mifupa peke yake kisingemwokoa Noor Jehan, kwani alikutwa pia na uvimbe mkubwa wa damu tumboni. Lakini yabisi na maradhi ya nyayo ni miongoni mwa mambo yanayowaua tembo wengi walio kizuizini, na huanza kimyakimya, kwenye sakafu ya zege na katika mazizi yasiyo na nafasi ya kutembea.

Mfupa ulio hai haupumziki. Seli hizi zinabomoa, zile zinajenga, na masalia ya kazi hiyo huingia kwenye damu: osteokalsini hueleza ujenzi, vipande vya kolajeni hueleza ubomoaji. Vikipimwa pamoja na kalsiamu, fosforasi, vitamini D na homoni ya parathiroidi, daktari hupata habari ambazo eksirei haimpi, maana mionzi hupita vizuri kwenye unyayo wa tembo lakini hushindwa na unene wa nyonga.

Uwezo upo. Mwaka 2015 watafiti wa Thailand walichapisha matokeo ya kupima viashiria hivyo kwa tembo wa Asia, na baadhi vilionekana kupungua kadiri umri unavyopanda. Damu yenyewe huchukuliwa kwenye mshipa wa nyuma ya sikio, na tembo aliyezoeshwa kwa matunda huleta sikio mwenyewe kwenye nondo.

Kosa ni kupima mara moja na kuridhika. Ndama anayekua hawezi kulinganishwa na mzee, hivyo kila tembo anahitaji kumbukumbu zake tangu utotoni. Majibu nayo yafuatwe na hatua. Bustani ya Detroit, Marekani, iliwahamisha Wanda na Winky, waliokuwa na yabisi, hadi hifadhi ya California mwaka 2005, mbali na baridi kali.

Mwaka 2019 mkataba wa CITES ulibana biashara ya tembo hai wa Afrika. Waliokwisha kuondoka wanaweza kuishi miongo mingi, na nchi walikotoka isiwasahau. Tanzania idai ripoti ya kila mwaka kwa kila tembo wake aliye ugenini: majibu ya damu, uzito, picha za nyayo, aina ya sakafu anayolalia. Nakala ifike Wizara ya Maliasili na Utalii, Dodoma, na isomwe na daktari wa wanyamapori.