Kinga Inapomgeukia Mwenyewe

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Methali hii, ambayo darasani huifafanua kwa visa vya marafiki wanafiki, yaeleza pia jambo la kitabibu linaloangamiza figo za watu wengi.

Figo hupokea takribani sehemu moja kwa tano ya damu isukumwayo na moyo. Mama avujapo damu nyingi baada ya kujifungua, au mgonjwa wa kipindupindu akaukiwapo na maji, mkondo huo hupungua na seli za figo hukosa oksijeni. Ajabu ni kwamba damu irejeapo madhara huweza kuzidi: walinzi wa mwili, yaani chembe nyeupe na protini ziitwazo komplementi, huzishambulia seli zilizodhoofika kana kwamba ni adui.

Ndipo wanasayansi walipofikiria kuwazuia walinzi hao kwa kingamwili za maabara, ufundi uliobuniwa na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975. Katika wanyama wa majaribio, baadhi yazo zimepunguza jeraha. Kwa binadamu, safari ingali ndefu. Ekulizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa maradhi adimu yanayoharibu figo, haikuleta manufaa yaliyotarajiwa ilipojaribiwa kuzikinga figo za kupandikizwa. Isitoshe, ni miongoni mwa dawa ghali mno duniani.

Je, mkaazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe aketi akiisubiri dawa hiyo? La hasha! Kinachoamua kwanza ni muda. Hospitali kuu ya Pwani iko kisiwani. Wa Kisauni hulivuka daraja la Nyali, wa Changamwe hupitia Makupa, naye wa Likoni, asipozunguka Dongo Kundu, huingoja feri. Mgonjwa anayevuja damu hana muda wa kungoja. Hatuna budi, basi, kudai kwamba damu salama, dripu na wahudumu wa kutosha wapatikane huku bara usiku na mchana, ili mgonjwa avuke akiwa ameshaanza kutibiwa.

Jambo la pili ni lugha. Neno 'kingamwili' lajieleza lenyewe, ilhali mwanafunzi wetu hufunzwa biolojia kwa Kiingereza na kukariri istilahi zisizomwambia kitu. Arudipo nyumbani, hana maneno ya kumweleza nyanya yake kwamba anayehara na kutapika asimeze diklofenaki kiholela, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuibana mishipa ipelekayo damu kwenye figo. Wala kwamba mkojo ukipungua ghafla ni dalili ya hatari.

Walimu wa Kiswahili na wa sayansi na waketi pamoja, wayaandike maarifa haya kwa lugha isomwayo nyumbani. Kazi hiyo haihitaji maabara wala fedha za kigeni. Yaweza kuanza muhula ujao.